Fungu la Mwajabu

Usiku wa jana niliota niko zamu. Niko nyuma ya kaunta ya duka letu la ushirika, lile ambalo paa lake liliondoka na upepo na kuta zake zikaondoka na watu wenye shida ya matofali. Wastaafu wenzangu wanaota wanaruka angani, au wanafukuzwa na nyoka mwenye sura ya mama mkwe. Mimi naota nimeripoti kazini.

Kabla sijaenda mbali, niwaambie nililala na nini kichwani, maana ndoto haiokoti vitu barabarani. Binti yangu Mwajabu anauza vitambaa katika duka la Bwana Msangi, hapa Morogoro, mtaa wa nyuma ya soko kuu. Yuko hapo tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno, na huyo mwana sasa anadai anunuliwe simu. Mume wake yuko Tunduru kwenye machimbo ya madini, kutoka huko hutuma salamu. Kwa hiyo nyumba nzima, mimi nikiwemo, tunakula kwa mdomo wa Mwajabu. Asubuhi akimwambia mtu, "Karibu mama, hiki kimeingia jana," jioni sufuria inapanda jikoni.

Sasa jana amerudi, akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake miguuni.

"Tajiri amenunua taa ya duara," akasema. "Anapiga picha vitambaa, anaweka mtandaoni. Ananiambia, 'Mwajabu, siku hizi wateja wako kwenye simu.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia anifungulie mlango wa hiyo simu niwafuate humo humo."

"Akacheka?"

"Hakucheka. Kasema kesho nikifika tutaongea."

Mwenye duka akikuambia mtaongea, ujue yeye ameshaongea, imebaki wewe kusikia. Nikajaribu kumpoza. Nikamwambia muuza duka hakosi kazi, binadamu hawajaacha kuvaa, mimi mwenyewe nilikaa nyuma ya kaunta mpaka nikastaafu kwa heshima.

Akanitazama kwa huruma. "Baba, wewe hukuuza kitu. Wewe ulikuwa unawaambia watu warudi kwao."

Sikubisha. Enzi zetu duka lilikuwa na rafu ndefu, kaunta ya mninga, wauzaji wanne waliovaa makoti ya bluu, na bidhaa hakuna. Sukari? Haijaja. Sabuni? Haijaja. Khanga? Zilikuja, zikaisha kabla hazijashuka kwenye lori. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na tulikuwa tunaifanya kwa zamu, tuna likizo, na mwisho wa mwaka mmoja wetu alipewa cheti cha mfanyakazi bora. Leo maduka yamejaa mpaka unapita upande upande kama kaa, na kilichoonekana hakina nafasi humo ndani ni muuzaji.

Nikala maharage ya nazi, nikavaa singlendi yangu, nikalala na hayo.

Haya. Niko nyuma ya kaunta.

Nje kuna foleni, ila si ya watu, ni ya mawe. Wa rika langu mnakumbuka: mtu alifika alfajiri, akaweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda zake shambani, na jiwe likamshikia nafasi. Basi yale mawe hayajaondoka. Wenyewe wamehama, wengine tumewazika, wengine wamejenga Dar es Salaam na wana geti, lakini mawe yao bado yako foleni, yanasogea taratibu na hakuna linalomruka mwenziwe.

Jiwe la kwanza limefika kaunta. Linanitazama. Nami nalitazama. Muda ukapita mpaka nikaelewa kwamba linasubiri nilisalimie.

"Shikamoo," nikasema. Jiwe ni jiwe, kwa vyovyote limenizidi umri.

"Marahaba. Mimi ni la Mama Semeni wa Mikese. Imekuja?"

"Nini?"

"Kazi."

Ulimi ukajibu wenyewe kabla sijaushika. "Haijaja."

"Nilijua tu," likasema jiwe, wala halikununa. Likawageukia wenziwe. "Jamani, haijaja."

Mawe yakaguna mstari mzima, mpaka lile la mwisho kabisa, ambalo lilikuwa mbali na mguno wake ukachelewa.

"Lakini ninyi mlikuja kwa ajili ya sukari," nikasema.

"Tulikuja kwa ajili ya sukari. Wajukuu wa wenyewe wakatukuta tumeshashika mstari, wakasema tuwashikie na wao. Wanataka kazi ya dukani."

"Kazi ya dukani ipi?"

"Hiyo yako. Ya kusema haijaja. Wamesikia ilikuwa na likizo."

"Usiwatie moyo," sauti ikasema pembeni yangu.

Nikageuka. Amesimama mdoli wa kuvalishia nguo, yule wa kwa Msangi asiye na kichwa, amefungwa kitenge cha rangi ya papai. Anaongea kwa kutumia shingo, pale ilipoishia.

"Mfanyakazi wa kisasa ndiye mimi," anasema. "Sili, siendi msibani, sina mtoto wa kuugua. Na kichwa walinitoa, wakasema hakiongezi mauzo."

"Kiko wapi sasa?"

"Kimepandishwa cheo. Kiko ofisini."

Nikampa pole, akasema amezoea.

"Mwajabu unamfahamu?" nikamuuliza.

"Ndiye anayenivalisha. Jana alinikaza fundo mpaka nikashindwa kupumua, na mimi sipumui, nikajua kuna jambo. Leo wamempeleka sokoni."

"Kununua nini?"

Mdoli akanyamaza. Mtu asiye na uso akinyamaza, hata pa kuangalia hupajui.

"Mzee Mkude," akasema baadaye, "wewe redioni ukisikia soko la ajira, soko la ajira, huwa unadhani wanasema nini?"

"Nilidhani ni maneno tu."

"Kila mtu anadhani ni maneno, mpaka apangwe fungu."

Nikamuuliza njia. Akanionyesha kwa bega.

Juu ya kaunta yangu, pale palipokuwa na mzani, imekaa simu kubwa kama mlango wa choo, imevaa kofia ya Bwana Msangi, na nyuma yake inawaka taa ya duara kama ya malaika kwenye picha.

"Karibu kipenzi," inasema simu.

"Asante. Naulizia njia ya soko la ajira."

"Njoo inboksi, kipenzi."

"Si unieleze hapa hapa? Tupo wawili na mawe."

"Hatutaji hadharani. Njoo inboksi."

Hiyo inboksi ni boksi. Lilikuwa boksi la sabuni za mche, liko sakafuni, limeandikwa upande huu juu na limewekwa upande huo chini. Watu wazima na heshima zao wanainama, wanaingia mmoja mmoja kuulizia bei ya gauni, na sikuona anayetoka. Nikavua ndala, maana sikujua kama ndani wametandika mkeka. Nikaingia kwa magoti.

Ndani ni Morogoro. Milima ile ile, jua la asubuhi lile lile, ila soko kuu limegeuzwa kama soksi: wauzaji ndio wako mezani na wanunuzi ndio wanazurura.

Watu wamepangwa mafungu kama nyanya. Hili la wahasibu, wamepandishana mpaka yule wa juu hathubutu kupiga chafya. Hili la madereva. Hili la walimu, limefunikwa gunia lenye unyevu lisinyauke. Na wanunuzi wanaopita katikati, wanaobonyeza na kunusa, ni kazi zenyewe. Kazi zina miguu, zina vikapu, na zina dharau.

Mbele yangu kuna mwanamke amesimama juu ya kreti ya soda, na pamoja na kreti ananifikia kifuani.

"Karibu mzee wangu. Naitwa Matarajio. Mimi ndiye msimamizi wa soko."

"Matarajio yupi? Wa kwenye taarifa ya habari?"

"Huyo huyo."

"Wanasema wewe ni mkubwa."

"Redioni huwa wananiwekea kreti mbili," akasema.

Nikamuuliza fungu la wauza duka liko wapi. Akanyoosha kidole kwenye karai lililoachwa chini, pembeni, karibu na majani ya kabichi. Wamejaa humo, wengine na vitambulisho vyao bado shingoni.

"Hao hawana fungu," akasema. "Hao ni nyongeza. Mnunuzi akichukua mhasibu, tunamrushia wauza duka wawili juu yake, aondoke moyo mweupe."

Hapo hapo nikamwona Mwajabu. Amekaa ukingoni mwa karai, pochi mapajani, paji la uso linang'aa.

"Wamenipaka mafuta," akasema. "Nionekane nimetoka shamba leo."

"Mwanangu."

"Baba, hata huku umekuja na singlendi?"

"Nimelala nayo."

"Sasa nani atanunua kitu kwa mtu amevaa singlendi?"

Nikamgeukia Matarajio. Nikamwambia kwa sauti ya kaunta, ile niliyokuwa nawatolea watu wanaopiga kelele foleni, kwamba binti yangu si nyongeza.

"Basi mpangie fungu lake, umuuze mwenyewe," akasema. "Wewe si ulikuwa muuzaji? Ila nakutahadharisha. Soko likifungwa hajapata mtu, anaingia bei ya kutupa."

"Bei ya kutupa ndiyo kiasi gani?"

Matarajio akanionyesha nyuma ya mabanda. Wanaume wawili wamemshika kijana wa duka la viatu, mmoja mikono, mmoja miguu. Wanambembeza. Moja, mbili, wakamtupa ng'ambo ya ukuta, na yeye angali hewani anasema, "Tunazo na saizi kubwa zaidi."

"Ng'ambo kuna nini?"

"Hatujawahi kuuliza," akasema Matarajio.

Basi nikatandika gunia, nikamketisha Mwajabu juu yake peke yake, fungu la mtu mmoja. Wakanipa mita ya mbao na mkasi wa kukatia vitambaa, maana muuzaji lazima awe na vifaa. Nikasimama na singlendi yangu, nikaanza kuita wateja, na hapo nikagundua kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kuita mteja. Wao ndio walikuwa wananiita mimi. Nikasema "Njooni," polepole, kama mtu anayeita paka asiye wake.

Akaja wa kwanza, Kazi ya Muda. Mtu mfupi, mchangamfu, ana haraka.

"Huyu mzuri," akasema. "Nitamchukua, ataanza Jumatatu, kwenye sikukuu tutampa na..."

Akaisha. Namaanisha aliisha kuanzia miguuni kwenda juu, kofia ikawa ya mwisho.

Akaja wa pili, Kazi ya Kujitolea. Huyo alivaa suti ambayo sijaona mfano wake, maneno yake matamu, akatueleza kuhusu uzoefu na kujuana na watu. Mwajabu akamtazama suti nzima, akanivuta.

"Haina mifuko, baba."

Nikachungulia. Kweli, suti nzima haikuwa na hata mfuko mmoja. Tukamshukuru.

Jua likapanda. Nyuma ya mabanda naendelea kusikia: moja, mbili. Mwajabu ameacha kunitania. Anashika mkanda wa pochi, anauachia, anaushika.

Mara akanyooka. "Baba. Yule pale ni wangu."

Anakuja mwanamke mrefu, ananukia kitambaa kipya kilichotoka kwenye robota, futi kamba imening'inia shingoni. Kazi ya Mwajabu mwenyewe. Amekonda, na sikio lake moja limegeuka kioo cha simu.

"Una hakika?"

"Namjua mpaka anavyokohoa."

Kazi akafika kwenye gunia letu. Akamwangalia Mwajabu, akatazama pembeni kama mtu aliyekutana na anayemdai.

"Habari za tangu jana," Mwajabu akamwambia.

"Mteja hafahamiani na mali," akasema Kazi. Kisha akaniuliza mimi, bila hata habari yako mzee: "Una muuza duka?"

Na mimi, Mwenyezi Mungu ananiona, mwanangu amekaa mbele yangu anang'aa kwa mafuta, mkate wetu sote unategemea neno moja, nikamwangalia Kazi usoni nikamwambia:

"Haijaja."

"Baba," akasema Mwajabu.

"Jaribu Alhamisi," nikaongeza. Mdomo ulikuwa umeshashika njia yake ya siku zote.

Lakini Kazi hakuondoka. Akasimama. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogea mpaka harufu ya robota ikanijaa puani, akashusha sauti.

"Na chini ya kaunta?"

Nikasisimka mwili mzima. Hilo swali sijalisikia tangu nivue koti la bluu. Mlioishi zama zile mnajua: mtu ukimwambia kipo, anauliza mbona ghali. Ukimwambia hakijaja, anakuja jioni na kuku.

"Yupo mmoja," nikanong'ona. "Tumemficha. Ana wenyewe."

"Nimwone tu."

Nikamfanyia Mwajabu ishara. Mwajabu, aliyekuwa amekaa juani mbele yetu sote muda wote huo, akainuka kidogo, akakaa tena pale pale. Kazi akashtuka kama mtu aliyeonyeshwa khanga za magendo.

"Ah. Huyu mzuri."

"Nilikuambia."

Akaanza kumkagua. Anaongea sana? Nikasema anaongea inavyotakiwa. Mchana anakula? Nikasema siku zote. Ana watoto? Hapo Mwajabu akajibu mwenyewe.

"Umewahi kumbeba mmoja wao wakati napima kitambaa cha harusi. Akakukojolea."

Kazi akakohoa, kweli kwa namna ile ile ambayo Mwajabu angeijua. Lakini kioo cha sikioni kikawaka, akakisikiliza, na alipogeuka uso ulikuwa umekuwa mgumu.

"Nikatie nusu," akasema.

"Nusu ya nini?"

"Yake. Nipe huku juu, kwenye maneno. Miguu ya nini? Siku hizi wateja hawaji, hakuna pa kuipeleka."

"Na mshahara?"

"Si nimesema nusu."

"Na huo upande utakaobaki, nani ataulisha?"

"Mzee, mtu akinunua kitambaa huwa unamuuliza kilichobaki kwenye jora kitakula nini?"

Mita ya mbao ikajinyoosha mkononi mwangu. "Nipime kuanzia wapi?" ikauliza.

"Kiunoni," akasema Kazi.

"Wewe mita nyamaza," nikasema.

"Mimi sina neno," ikajibu mita. "Nafuata mkono ulionishika."

Na mkono huo ni wangu. Matarajio ameshaanza kukusanya kreti. Mabanda yanafungwa. Karai la nyongeza limebaki na mtu mmoja, wamemshika mikono na miguu. Moja. Nikamwangalia Mwajabu, nikawaza sufuria, nikawaza wajukuu, nikawaza ng'ambo ya ukuta ambako hakuna aliyewahi kuuliza. Mbili. Nikajiambia nusu nayo ni kitu. Watu wangapi wanaishi na nusu. Mkasi ukafunguka kwenye vidole vyangu, ukatoa ule mlio wake wa kumeza mate.

"Baba," akasema Mwajabu. "Weka mkasi chini."

Hakupaza sauti. Alisema kama ananiambia nipunguze moto wa maharage.

Akashuka kwenye gunia. Akajifuta mafuta usoni kwa upande wa mtandio, akakung'uta sketi, akatia pochi kwapani. Akaanza kuondoka.

Anatembea. Hakimbii, hana hasira, anatembea kama mtu aliyeulizia bei akaona si yake.

Matarajio akaanguka kutoka kwenye kreti. "Mzee Mkude, fungu lako linaondoka."

"Naona."

"Mali haiondoki. Mali inakaa."

"Mwambie wewe."

Sasa ninyi mnayajua masoko yetu. Mteja anaona bei haimfai, anageuza mgongo, anatembea. Muuzaji anajifanya anapanga vitu vyake, jicho moja liko kwenye kisigino cha mteja, na kabla hajakata kona anaita: haya, rudi, rudi tuongee. Ndivyo ilivyo kote, kuanzia soko letu la Mawenzi mpaka Kariakoo. Na anayeondoka siku zote ni mnunuzi. Tangu nizaliwe sijaona kitambaa kinamgeuzia mteja mgongo.

Nikataka kumwita mimi. Nakiri mdomo ulikuwa umeshafunguka. Rudi mwanangu, nusu si haba, tutaongezea na kitu kingine, tutauza maandazi. Lakini mita ikanikandamiza kifuani, ikasema kwa upole, "Acha nipime hatua."

Kazi bado amesimama, mkono uko hewani pale alipokuwa anaonyesha kiuno. Kioo cha sikioni kinawaka, kinazima, kinasema kipenzi, kipenzi, yeye hasikii. Anaangalia miguu ya Mwajabu, ile ile aliyosema ya nini. Inakwenda vizuri kabisa.

"Anaringa huyu?" akaniuliza.

"Anaondoka."

"Anakwenda kwa nani?"

"Hajaniambia."

"Atarudi. Huwa wanarudi."

Nikainama, nikaanza kukunja gunia langu kama muuzaji aliyemaliza biashara. Wale wanaume wawili wakamweka chini kijana waliyemshika, ili watazame. Mwajabu amefika kwenye mafungu ya walimu. Amefika kwenye kabichi. Amefika getini, na nje ya geti sioni kitu, weupe mtupu, kama kitambaa ambacho hakijachapwa maua.

Kazi akazungusha futi kamba kidoleni, akaiachia. Akaweka viganja mdomoni, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba wenziwe wasisikie, akaita:

"Haya, rudi. Rudi tuongee."

Mgongo wa Mwajabu umesimama getini, haujageuka.

"Mzima?" nikauliza kwa niaba yake. "Na miguu yake?"

"Arudi kwanza," akasema Kazi, na sauti ikamkatika.

Hapo nikaamka.

Kumekucha. Singlendi imelowa jasho mgongoni. Ukutani jogoo wa jirani anawika kwa kuchelewa, kama kawaida yake. Nikatoka uani, nikamkuta Mwajabu amekaa kwenye mkeka, amevaa kwa kwenda kazini, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono mwingine. Uso wake wa jana bado alikuwa nao. Alikuwa hajalala vizuri na alikuwa hajatoka hata mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Lakini tajiri sidhani kama yuko sawa."

"Kafanya nini?"

"Kaniandikia, alfajiri hii." Akaisogeza simu kwenye mwanga, akaisoma kama anavyosoma maandishi ya daktari. "'Haya, rudi. Rudi tuongee.'" Akaniangalia. "Nirudi kutoka wapi? Mimi sijaenda popote."

Nikakaa kwenye kigoda polepole, kwa ajili ya magoti.

"Kasema nusu?"

"Nusu ya nini?"

"Basi."

"Baba, nusu ya nini?"

"Nimesema basi. Mimina chai."

"Nimeshakunywa. Acha niende, huenda kuna jambo." Ameshaanza kutafuta kiatu kwa mguu.

"Kaa, Mwajabu."

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Akakaa. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka, akajimiminia kikombe cha pili, na mimi akanimiminia. Tukanywa. Nikamuuliza kama sukari imetosha, akasema imetosha.

Simu ikatetemeka. Mwajabu akanyoosha mkono.

"Bado," nikasema.

Akaurudisha mkono, akachukua andazi.